Mama Samah wa Tanga

Fomu ile niliitengeneza mimi, peke yangu, nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwa kompyuta ya kuazima na bando la simu. Sikukaa darasa la kompyuta hata siku moja. Wenye vyeti walikuja dukani kwa Mama Jasvanti, pale Mchafukoge, jirani na Kariakoo, wakaomba wiki sita. Mimi niliomba siku tisa na nikamaliza kwa saba. Kwa hiyo mtu akiniambia fomu yangu ina kasoro, naona kama kanitukania mama yangu mbele za watu.

Duka linauza vitu vya mafundi cherehani kwa jumla: lesi, zipu, vifungo, nyuzi, shanga za magauni ya harusi. Wateja wengi wako mikoani. Wanapiga simu, mzigo unafungwa, unapelekwa kwenye basi. Zamani majina yao yalikaa kwenye daftari nene la Mama Jasvanti. Mimi nikayahamishia kwenye Eksel, nikaandika makro, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe, na juu yake nikaweka fomu yenye orodha. Mhudumu anatazama orodha, anaona safu mbili, jina la mteja na mji wake. Anabofya mstari anaoutaka, anabonyeza kitufe, na lebo inatoka kwenye printa iliyoko stoo ya chini, ambako Salem, mtunza stoo, anaibandika kwenye mzigo. Hakuna kuandika kwa mkono. Siku niliyomkabidhi kazi, Mama Jasvanti alipiga marufuku kalamu kwenye mizigo.

Mhudumu alikuwa Mektilda, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mtu wa Kigoma, mwaka wake wa kumi na mbili dukani. Wateja aliwajua kwa sauti zao za simu. Mwezi wa tatu ndiye aliyenipigia.

"Mdogo wangu, orodha yako inachagua mtu mwingine."

"Inachaguaje mtu mwingine?"

"Nabofya huyu, mzigo unaenda kwa yule. Imetokea mara moja. Njoo uangalie."

Nilikwenda, lakini sikuifungua makro. Nilisimama nyuma ya kiti chake, ofisini juu, duka la chini limejaa wanunuzi, nikamwambia abofye. Akabofya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila aliyembofya aligeuka rangi ya bluu pale pale. Nikasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye ngazi:

"Orodha haina kidole, dada. Mwenye kidole ni wewe."

Watu wakacheka. Salem alicheka kuliko wote, akashika mlango asianguke, na tangu siku hiyo akamwita Kidole. Kidole, mzigo wa Songea tayari? Kidole, umekunywa chai? Mektilda aliitikia kila mara, kwa kuwa kazi ilikuwa lazima iende. Mimi hakunipigia tena.

Mwezi wa sita, Jumatano asubuhi, Mama Jasvanti aliniita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Fundi Fikirini, kaa."

Ofisi yake iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka, na kompyuta ya fomu iko hapo hapo karibu na dirisha. Alikuwapo Vivek, mpwa wake, katibu wa umoja wa wenye maduka wa mtaa ule. Mektilda alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono ameikunja tumboni kama mtu aliye kanisani.

"Mizigo mitatu," alisema Mama Jasvanti. "Yote ya Mama Samah wa Tanga. Yote imeshushwa Kigoma."

"Kigoma kuna nani?" aliuliza Vivek, na jibu alikuwa nalo.

"Kigoma ni kwao huyu," alisema Mama Jasvanti.

Mzigo wa tatu ulikuwa lesi na shanga za magauni sita. Harusi ilikuwa imepita, bibi harusi akavaa gauni la kuazima lililombana kwapani, na Mama Samah wa Tanga alikuwa akimsimulia kila fundi wa mji ule kwamba dukani kwa Jasvanti kuna wezi. Kule Kigoma nako kulikuwa na mteja wa zamani anayeitwa Mama Samah. Alipopigiwa simu alisema yeye hupokea anacholetewa, haulizi. Jibu hilo lilimtosha Mama Jasvanti. Kwake, Mektilda na huyo mwanamke wa Kigoma walikuwa wamekula njama.

Nilipolisikia jina lile mara mbili, la Tanga na la Kigoma, niligeuka kuitazama ile kompyuta.

"Kagua mashine," Mama Jasvanti aliniambia. "Ikiwa mbovu, kosa ni lako, na Vivek atatafuta fundi mwingine wa ile kazi ya umoja aliyokuahidi. Maduka kumi na manne yanasubiri. Ikiwa nzima, huyu anaondoka leo, na mdhamini wake nampigia mimi mwenyewe."

Asiyeijua Kariakoo hataelewa uzito wa neno hilo. Hukai nyuma ya kaunta ya mtu bila mdhamini, mtu mzima anayesimama na kusema huyu namjua, akiharibu nifuate mimi. Mdhamini wa Mektilda alikuwa Sitara, mwenye nyumba aliyokuwa amepanga Buguruni. Simu moja ingechukua kazi na chumba kwa pamoja.

Mektilda aliinua uso. "Mama, akague," alisema. "Hata mimi naomba akague. Nimeomba tangu mwezi wa tatu."

Vivek alinitazama. "Mwezi wa tatu?"

"Nilikuja," nikasema. "Hapakuwa na tatizo."

Niliomba niachwe na kompyuta nusu saa. Mama Jasvanti na Vivek walishuka dukani. Mektilda alishuka nyuma yao, ila alipofika mlangoni aligeuka, akaniambia taratibu, "Mjaribu Mama Samah. Mjaribu huyo huyo."

Sikuhitaji kuambiwa. Nilimbofya Mama Samah wa Tanga, mstari ukawa bluu, nikabonyeza kitufe. Kisha nikashuka kwa ngazi ya nyuma hadi stoo. Salem alikuwa amekwenda kunywa supu. Printa ilikuwa imeshatoa lebo, bado ina joto. Mama Samah, Kigoma.

Nilirudi juu, nikafungua makro, na kosa nililiona kabla sijakaa sawasawa. Orodha ilionyesha safu mbili, na jicho la mhudumu lilizisoma zote mbili. Lakini mimi nilikuwa nimeiambia makro ichukue safu ya kwanza peke yake, yaani jina, iende nalo kwenye karatasi ya wateja, ishuke mstari kwa mstari, na isimame kwa wa kwanza mwenye jina hilo. Mji haikuusoma kabisa. Mama Samah wa Kigoma alikuwa mstari wa arobaini, kwa sababu ni wa zamani. Mama Samah wa Tanga, aliyeingia mwezi wa pili, alikuwa mstari wa mia tatu na kumi. Makro isingemfikia hata Mektilda angembofya mwaka mzima.

Na nilijua kwa nini sikuliona wakati wa kutengeneza. Nilijaribu fomu kwa majina ya wanafunzi wenzangu wa kidato cha nne, mtu na jina lake na jina la baba yake, hakuna wawili waliofanana. Sikufikiri kwamba katika biashara hii mwanamke haandikwi kwa jina lake, anaandikwa kwa mtoto wake wa kwanza. Nchi nzima imejaa kina Mama Samah. Daftari la zamani lilijua hivyo, ndiyo maana Mama Jasvanti aliandika mji kwa wino mwekundu mbele ya kila jina. Mimi nililiona daftari lile nikacheka.

Marekebisho yalichukua dakika sita. Kila mteja nilimpa namba yake, nikaiweka kwenye safu ya tatu isiyoonekana, na makro nikaiambia ichukue namba, iachane na jina. Nikahifadhi. Lebo ya Kigoma niliichana vipande, nikavitupa kwenye choo cha wafanyakazi na kumwaga maji mara mbili.

Ningeweza kuwaita. Ningesema, njooni mwone, kosa ni hili, ni langu. Nililipanga hata neno la kwanza. Halafu nikamwona Salem akiinama kwa kicheko, safari hii akinicheka mimi, nikamwona Vivek akimpigia mwenye cheti, na wenye maduka kumi na manne wakiambizana kwamba yule kijana wa bando la simu aliwaponza. Nikasema moyoni, nitamwambia Mama baadaye, tukiwa wawili. Kisha nikawaita.

"Fomu ni nzima," nilisema.

Mektilda hakuamini. Alikuja mbele hadi mezani, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwa nguvu mbele ya Mama Jasvanti.

"Basi tujaribu wote, tukiona. Mimi nibofye Mama Samah wa Tanga, na lebo iletwe hapa juu kabla haijabandikwa. Ikitoka Tanga, nitaondoka mwenyewe."

"Umesema mwenyewe," alisema Vivek.

"Nimesema."

Alikaa kwenye kiti chake. Aliishika mausi kwa mikono miwili. Alishusha orodha mstari kwa mstari, midomo inasoma, akafika, akabofya. Alitugeukia tuone. Mama Samah, Tanga, bluu. Akabonyeza kitufe, akainamia ngazi na kuita, "Salem, usibandike. Lete lebo."

Salem alipanda akitafuna kijiti cha meno. Lebo alikuwa ameishika kwa vidole viwili, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Mama Samah. Wa wapi? Wa Tanga. Kidole, leo umelenga."

Mektilda aliichukua. Aliisoma, akaigeuza nyuma, ambako hakuna kitu, akaisoma tena. Kisha akanitazama mimi, si mwingine.

"Umegusa nini, mdogo wangu?"

"Sijagusa kitu, dada. Nimekagua tu."

"Mara zote tatu nilimbofya hivi hivi."

"Labda siku hizo ulibofya mstari mwingine. Majina yanafanana. Kapime macho."

Salem akacheka. Vivek pia akatabasamu kidogo, akitazama simu yake. Nilipoiona ile midomo yao ikifunguka nilisikia raha, naandika ukweli, raha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Mektilda alishusha lebo mezani. Nilingoja apige kelele, anitaje, aseme fungueni hiyo makro mbele ya mtu mwingine. Badala yake nilimwona akianza kukubali. Aliinua mkono, akalifumba jicho la kulia, akaitazama skrini kwa jicho la kushoto peke yake.

"Inawezekana," alisema polepole. "Usiku naona ukungu. Inawezekana kweli ni mimi."

"Mara tatu?" Mama Jasvanti aliuliza. "Na mara zote Kigoma? Macho yako yanajua njia ya kwenu."

"Mama, miaka kumi na miwili."

"Funguo."

Alizitoa funguo kwenye kamba iliyokuwa shingoni, akaziweka juu ya lebo. Alichukua kikombe chake na kanga iliyokuwa kwenye mgongo wa kiti. Alipokuwa anashuka, Mama Jasvanti alikuwa ameshapokelewa na Sitara kwenye simu, na alizungumza kwa nguvu makusudi, ngazi isikie.

Wiki tatu zikapita. Hakuna mzigo hata mmoja uliopotea. Kila basi lililofika salama lilikuwa ushahidi mpya. Moza, mhudumu aliyechukua nafasi, hakujua kutofautisha lesi na neti, lakini Mama Samah wa Tanga alipata kila alichoagiza, na mtaa mzima ukasema, mmeona? Tangu yule aondoke. Niliwasikia wakisema hivyo kwenye vibaraza, kwenye lifti, kwenye foleni ya chipsi. Kuirekebisha kwangu ndiko kulikomtia hatiani, na kila siku fomu ilipofanya kazi vizuri ilimtia hatiani upya.

Nilimkuta Buguruni, Jumamosi mchana, amekaa pembeni ya soko na beseni la dagaa. Alikuwa amevaa miwani ya fremu kubwa ya kahawia, mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi. Nilitaka kupita. Aliniona.

"Mdogo wangu, Fikirini. Njoo basi."

"Habari za siku, dada."

"Nzuri. Nashukuru kwa lile neno lako." Aligusa miwani. "Nimenunua pale kwa wanaotandaza chini. Nilijaribu kama ishirini. Hii naona afadhali kidogo, ila kichwa kinauma."

Nikauliza anakaa wapi.

"Kwa mtu. Sitara alinipa siku nne. Simlaumu, alipigiwa yeye." Aliwafukuza nzi kwa kipande cha boksi. "Nilikuchukia, nikwambie. Siku ile nilisema huyu mtoto ameniroga. Baadaye nikakaa nikafikiri, mashine haina sababu ya kunichukia. Kwa hiyo ni mimi. Yule bibi harusi nilimharibia siku yake. Ukienda dukani, unaweza kumwambia Mama nimenunua miwani?"

Alinipimia dagaa, akakataa nilipie.

Jumatatu nilipanda kwa Mama Jasvanti. Alikuwa peke yake, anachambua vifungo kwa rangi kwenye sinia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: safu ya kwanza, mstari wa arobaini, dakika sita, lebo niliyoichana. Nilisema kosa ni langu, kwamba Mektilda ni msafi, arudishwe, na mimi niko tayari kusimama mbele ya umoja nikaseme hivyo hivyo. Nilijiona mtu mkubwa sana nilipokuwa nasema.

Aliendelea kuchambua hadi vya kijani vikaisha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Nilijua Jumatano ile ile. Saa saba nimekaa hapa, nikajiuliza. Mashine miezi minne inapeleka Kigoma, unakaa nayo nusu saa, inapeleka Tanga. Mimi sikusoma kompyuta, lakini sikuzaliwa jana."

"Sasa kwa nini..."

"Mama Samah alitaka mtu. Ningempa mashine angekubali? Angesema Jasvanti anaficha wezi. Nikampa mtu, akanyamaza, na juzi ameagiza mara mbili." Alivuta sinia karibu. "Ningeweza kumpa wewe. Lakini wewe nakuhitaji. Yule, kazi yake Moza ameijua kwa wiki moja."

"Alikufanyia kazi miaka kumi na miwili."

Hapo mkono wake ulisimama kidogo juu ya vifungo. Nilidhani nimempata.

"Ndiyo," alisema. "Mume wangu alipolazwa, yeye ndiye aliyefungua duka kila siku. Usifikiri nimesahau. Nimeshatangaza kwa wenzangu kumi na watatu kwamba ni mwizi. Nirudi niwaambie mimi ni mjinga? Wewe nenda kawaambie ukitaka. Watakuuliza kitu kimoja tu: uliijua siku ile? Utajibu nini?"

Niliokota kifungo kilichodondoka, nikakirudisha kwenye sinia.

"Basi. Vivek anakungoja saa tisa. Usichelewe."

Ofisi ya umoja iko upande wa Mnazi Mmoja, chumba kimoja juu ya duka la vyombo. Vivek alikuwa na Asad, mwenyekiti, mzee mwenye maduka mawili ya mabegi. Waliniagizia soda. Walitaka fomu moja, itumike na wanachama wote, Wahindi, Waarabu, Wachaga, Wakinga, yeyote mwenye duka mtaa ule. Fomu ya nini? Ya wafanyakazi. Mtu akifukuzwa kwa wizi, anaingizwa. Mtu akija kuomba kazi, mwenye duka anafungua orodha, anabofya jina, anaona picha, alikofanya kazi na alichofanya. Na akilikuta jina humo, haajiri.

"Tumechoka mtu anafukuzwa hapa, kesho yuko duka la pili anauza," alisema Asad. "Tuanze na huyu wa kwa Jasvanti. Picha yake Vivek anayo."

Niliitengeneza kwa siku nne, na sikuharibu kitu. Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kuacha mlango mmoja wazi kwenye makro, jina likabofywa na kusitokee kitu, na hakuna mtu wa umoja ule ambaye angegundua. Nilikaa na wazo hilo usiku mmoja. Asubuhi niliandika kila mstari kwa usafi, nikaupima mara mbili, kwa sababu sikuweza kuvumilia kwamba watu kumi na wanne wafungue kazi yangu na waseme haifanyi kazi.

Siku ya kukabidhi, orodha ilikuwa na mtu mmoja tu. Mektilda Gwimo, Kigoma. Vivek alisogeza kiti.

"Sasa akija Mektilda mwingine," aliuliza, "asiye na kosa? Si tutamwonea?"

"Hapana," nilimwambia. "Kila mtu ana namba yake. Haiwezi kumchukua mwingine."

"Nionyeshe."

Niliingiza Mektilda wa pili, wa kubuni, nikamwandika mtu wa Tanga. Nikambofya. Fomu ikaonyesha nafasi tupu, hakuna picha, hakuna kosa. Nikambofya wa kwanza. Picha yake ikajaa kwenye skrini, ile ya kitambulisho cha dukani, bila miwani, anatabasamu, na chini yake neno moja ambalo Vivek alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa.

"Safi sana," alisema Asad, akanipa mkono.

Nikamfuta yule wa kubuni, nikahifadhi.